Dhima ya Mwenye Kuchagua: Michezo ya Video na Sinema Inayomshirikisha Mtazamaji

Watu wengi hudhani ya kuwa sinema ilijifunza kutoka kwa michezo ya video kumwuliza mtazamaji neno lake. Tarehe zakataa. Mwaka 1967, kabla mchezo wowote wa video haujaanza kuuzwa, banda la Chekoslovakia katika Maonyesho ya Dunia ya Montreal, Kanada, lilikuwa na ukumbi wa viti 127, na kila kiti kilikuwa na vitufe viwili, kimoja chekundu na kimoja cha kijani. Filamu iliyoonyeshwa humo iliitwa Mtu Mmoja na Nyumba Yake. Aliyeibuni pamoja na mtambo wake, Kinoautomat, alikuwa Radúz Činčera. Mara tisa filamu ilisimamishwa, akatokea jukwaani Miroslav Horníček, yule yule aliyeigiza bwana Novák katika filamu, akawauliza waliohudhuria lipi litendeke. Jirani, mwanamke kijana aliyejifunga taulo tu, amejifungia nje ya nyumba yake, naye abisha hodi kwa Novák. Mke wa Novák yu njiani arudi. Afunguliwe asifunguliwe? Vitufe vyabonyezwa, hesabu yaonekana mbele ya wote, na walio wengi washinda.

Hila ya mtambo huo yastahili kuelezwa, maana ndani yake mna tatizo zima la sanaa hii. Palikuwa na mashine mbili za kuonyeshea zikizunguka pamoja, moja wazi na moja imezibwa jicho. Kura ikienda upande huu, iliyo wazi yaendelea. Ikienda upande ule, hii huzibwa na ile hufunguliwa. Lakini kila baada ya kura, hadithi zile mbili zilirudi zikakutana kwenye njia panda iliyofuata, kana kwamba hakuna lililoamuliwa. Wala haikuwezekana vingine. Kama kila njia ingaliachwa ienende zake, kura tisa za mbili mbili zingalizaa miisho 512, na vipande 1,022 vya filamu mbali na kile cha kufungulia. Hakuna hazina ya serikali wala mkoba wa tajiri uwezao kulipia filamu ya namna hiyo, ambayo sehemu yake kubwa haitaonwa na mtu. Basi filamu ya Činčera huanza kwa jengo la Novák kuwaka moto, na humalizika kwa moto huo huo, wapige kura watakavyo watazamaji.

Wako walioona kwamba hiyo ni dhihaka juu ya kura yenyewe, na si vigumu kusadiki, ikikumbukwa nchi ambayo filamu ilitoka na miaka yenyewe. Walakini, dhihaka huchekesha mara moja. Swali linabaki: ikiwa moto ni ule ule, aliyebonyeza kitufe amechagua nini?

Miaka iliyofuata haikulijibu swali hilo, bali ililikimbia. Mchezo wa Dragon's Lair wa mwaka 1983, uliochorwa na Don Bluth na kuhifadhiwa katika diski ya leza, ulikuwa na picha nzuri kama za sinema. Lakini mchezaji alipewa kazi ya kusukuma kishikio upande unaotakiwa, kwa wakati unaotakiwa, ama afe. Huo ni utii, si hiari. Mwaka 1992 Bob Bejan alipeleka katika majumba ya sinema ya Marekani filamu fupi, I'm Your Man, na viti vikatiwa vishikio vyenye vitufe vitatu; mwaka 1995 ikafuata Mr. Payback. Biashara hiyo haikudumu. Walioifanya waliona katika michezo ya video kitu kimoja tu, nacho ni kitufe. Wakakiiga, na kile kinachokipa kitufe uzito wakakiacha nyuma.

Kitu hicho chaonekana vizuri katika The Walking Dead, mchezo wa sehemu tano uliotolewa na kampuni ya Telltale mwaka 2012, katika ulimwengu wa hadithi za picha za Robert Kirkman. Lee Everett, aliyekuwa mwalimu wa historia katika chuo kikuu, apelekwa gerezani kwa kosa la kuua. Gari lapata ajali, wafu wameamka na wala watu, naye akuta katika nyumba moja mtoto wa kike wa miaka minane, Clementine, aliye peke yake. Mchezaji ndiye Lee. Huchagua la kusema, nani aokolewe, nani apewe chakula kisichotosha. Mwisho wa yote Lee aumwa na mfu, naye hana pa kuponea. Hakuna njia hata moja, katika njia zote za mchezo huo, ambayo Lee hubaki hai. Kwa hesabu ya matawi, basi, mchezo huu si tajiri kuliko Kinoautomat: hupanuka kidogo, hurudi ukakutana, hupanuka tena, na moto mwishoni ni ule ule. Hata hivyo wachezaji wazima waliulilia. Kwa nini?

Jibu ni kwamba mchezo hukumbuka. Kila mara Lee atendapo jambo mbele ya mtoto, maandishi madogo pembeni humwambia mchezaji kwamba Clementine atalikumbuka. Mwishoni mwa sehemu ya pili kikundi chenye njaa chakuta gari lililoachwa, limejaa chakula. Wengine watakichukua, apende asipende. Lee aweza kushiriki au kukataa, na mtoto anatazama. Kukataa hakuzuii wizi. Mhakiki mwenye haraka angesema huo ni uchaguzi wa bure, kwa kuwa chakula kimekwenda kwa vyovyote. Lakini katika sehemu ya tano atokea mtu mwenye gari lile, ambaye amepoteza jamaa zake baada ya kuporwa, akaketi mbele ya Lee na kumsomea matendo yake moja moja: ulifanya hili, hukufanya lile, na mtoto alikuwepo. Mchezaji hujikuta akijitetea. Aliyekataa chakula hujitetea kwa njia moja, aliyekula kwa njia nyingine, na wote wawili watakufa jioni ile ile. Uchaguzi haukubadilisha ajali. Ulibadilisha mtu aliyeipata.

Hapo ndipo tofauti ilipo kati ya tukio na dhima. Kinoautomat ilimwuliza mtazamaji juu ya matukio, kisha ikamsahaulisha. Novák aliyefungua mlango na Novák aliyeukataa walifika kwenye njia panda iliyofuata wakiwa mtu mmoja, hawana hata kovu. Telltale ilijua kwamba haiwezi kumpa mchezaji dunia mbili, ikampa shahidi mmoja asiyesahau. Na shahidi ni rahisi kuliko dunia. Katika programu ya kompyuta si zaidi ya alama ndogo iliyowekwa, ndiyo au siyo, inayosomwa baadaye ili kujua mtoto aseme neno gani.

Mtengeneza sinema atajibu kwamba kwake neno hilo moja maana yake ni siku nyingine ya kupiga picha, taa, mavazi, na waigizaji wanaolipwa. Ni kweli kwa kiasi. Lakini sinema ina hazina yake ya kale katika jambo hili hasa, na ni ajabu kwamba watengenezaji wa filamu za kuchagua wameitumia kwa nadra. Katika miaka iliyofuata Mapinduzi ya 1917, Lev Kuleshov wa Urusi aliunganisha picha ile ile ya uso wa mwigizaji Ivan Mozzhukhin na picha mbalimbali: sahani ya supu, maiti, mwanamke. Uso haukubadilika, watazamaji waliona njaa, wakaona huzuni, wakaona tamaa. Basi mtoto anayemtazama babaye bila kusema neno, katika picha moja iliyopigwa mara moja, ataonekana kuwa na imani naye ikiwa kilichotangulia ni tendo la huruma, na ataonekana kumwogopa ikiwa kilichotangulia ni wizi. Filamu hailazimiki kupiga picha mbili za uso huo. Yatosha kuupanga uso baada ya tendo, na kuupa muda. Mtazamaji aliyetenda ataleta maana mwenyewe, tena maana iliyo kali zaidi kuliko ile ya Kuleshov, kwa sababu kilichoupa uso maana yake ni kidole chake.

Filamu iliyopata sifa kubwa kuliko zote katika fani hii ni Bandersnatch, iliyoandikwa na Charlie Brooker, ikaongozwa na David Slade, na kutolewa na Netflix tarehe 28 Desemba, 2018. Mwaka 2019 ilipata tuzo ya Emmy ya filamu bora ya televisheni. Mwaka ni 1984, Uingereza. Kijana Stefan Butler ataka kugeuza kitabu cha kuchagua njia kiwe mchezo wa kompyuta. Mtazamaji hupewa sekunde kumi kumwamulia. Jambo la kwanza ni chakula chake cha asubuhi, aina mbili za nafaka, jambo lisilo na maana, nalo limewekwa ili kidole kizoee. Baadaye laja lenye maana: mwenye kampuni amwambia Stefan aje atengeneze mchezo wake ofisini pamoja na wenzake. Mtazamaji akimkubalisha, Stefan huambiwa na Colin, fundi mwenye uzoefu, kwamba amepotea njia. Mchezo watoka mbaya, wapewa sifuri, na mtazamaji hurudishwa nyuma achague tena.

Hapo filamu yajiumiza. Kumrudisha mtu nyuma ni kumwambia kwamba uchaguzi wake haukuwa uchaguzi, ulikuwa kosa la mtihani. Kuanzia dakika ile mtazamaji haulizi tena, Nitende lipi? Huuliza, Watunzi wametaka nini? Na kwa kuwa filamu humrudisha mara nyingi, hujifunza kutozihofia njia. Huzipita zote kama mtu afunguaye droo za kabati, hii ina nini, na hii. Stefan amwua babaye: vema, turudi, tuone asipomwua. Yakubalike kwamba Brooker alilijua hilo na akalifanya liwe sehemu ya hadithi: Stefan ahisi mkono usio wake ukimwendesha, na pahala pamoja amkataa mwendeshaji, avuta mkono wake usiende unakoamriwa. Kwa muda mfupi mtazamaji awa mtuhumiwa, na hapo filamu yakaribia ukuu. Kisha wazo hilo lageuzwa kuwa mapigano ya kuchekesha katika chumba cha tabibu, na mtuhumiwa aachiliwa huru.

Hata hivyo mna mahali pamoja katika Bandersnatch ambapo wanafunzi wa sanaa hii wangefaa kupatazama mara nyingi. Stefan alipokuwa mtoto, mamaye alitaka kwenda naye safarini. Mtoto alikuwa akimtafuta sungura wake wa kuchezea, akakataa kutoka bila yeye. Mama akachelewa, akapanda garimoshi la baadaye, nalo likaanguka, akafa. Picha hiyo inapokumbukwa, mama auliza kama mtoto atakwenda. Pale chini ya skrini, mtazamaji alipozoea kuona majibu mawili, liko moja tu: hapana. Na ni lazima alibonyeze. Katika filamu nzima yenye njia panda nyingi, mahali panapouma ni pale ambapo njia imebaki moja. Linauma kwa sababu mtazamaji ameshazoeshwa hiari, na sasa mkono wake ndio unaotiwa katika jambo lililokwisha kutendeka na lisilotenduka. Baadaye, katika tawi moja, mtoto ampata sungura, na mtazamaji apewa uwezo wa kusema ndiyo. Mtoto aenda na mamaye, naye afa pamoja naye. Wachache watakaosahau jibu hilo la pili lilivyopatikana.

Kutotenduka, basi, ni nusu ya pili ya dhima, na juu ya hilo michezo imefikiri kuliko sinema. Until Dawn ya mwaka 2015 ina vijana wanane mlimani. Wote waweza kuokoka, wote waweza kufa, na mchezo hujihifadhi wenyewe kila mara ili mchezaji asipate kurudi saa moja nyuma na kumfufua aliyemwangusha. Filamu iliyotokana na mchezo huo mwaka 2025 haikumpa mtazamaji uchaguzi wowote. Ikawafanya watu wake wafe na kuamka tena usiku ule ule, yaani ilichukua tabia ya mchezaji anayerudia ikaacha adhabu yake. Katika Undertale, mchezo mdogo wa Toby Fox wa mwaka huo huo wa 2015, mchezaji aliyemwua mlezi wake kisha akafuta na kuanza upya ili amhurumie, hukuta mtu mwingine mchezoni aliyeliona hilo na amwambia wazi. Life is Strange, nayo ya 2015, yaenda mbali zaidi: Max, msichana wa shule, ana uwezo wa kurudisha muda, na mchezaji hutumia uwezo huo saa nyingi kurekebisha kila kidogo, mwishowe kila kilichorekebishwa kimeleta tufani, na hapo lazima achague kati ya rafiki yake na mji mzima, bila kurudi.

Sinema ya kawaida imepata kulijua jambo hili bila kitufe chochote. Katika Lola rennt ya Tom Tykwer, Ujerumani, 1998, Lola akimbia mara tatu kumwokoa mpenzi wake, na mara ya pili yaonekana anakumbuka jinsi ya kuondoa kizuizi cha bastola, jambo alilofundishwa katika mara ya kwanza ambayo haikupaswa kuwapo. Hicho ni kipande kidogo mno, nacho kina elimu kubwa ya michezo ya video kuliko filamu nzima zenye vishikio vya viti.

Juu ya muda hapana haja ya maneno mengi. Filamu inaposimama kungoja jibu, hufa. Late Shift ya Tobias Weber, filamu ya Uswisi ya mwaka 2016, haisimami, na huo ndio ubora wake. Lakini ziko njia za kuutumia muda kuliko kuharakisha tu. Katika The Walking Dead kunyamaza ni jibu, na waliopo hulichukua kuwa jibu. Katika Bandersnatch asiyechagua huchaguliwa na mtambo, na ukimya wake haumgharimu kitu.

Liko hata hivyo jambo moja ambalo sinema inalo na michezo hii haina, nalo ni umati. Mchezaji hukaa peke yake. The Walking Dead humwonyesha mwisho wa kila sehemu ni wachezaji wangapi kwa mia walichagua kama yeye. Hiyo ni faraja au aibu ya baada ya tendo, kutoka kwa watu asiowaona. Ukumbini ni vingine. Late Shift ilionyeshwa katika majumba ya sinema, watazamaji wakipiga kura kwa simu zao, na walio wengi wakashinda kama Montreal. Walioshindwa wakalazimika kumtazama kijana wa hadithi akitenda lile waliloliona baya. Hakuna mtunzi ambaye amelichukua fundo hilo akaliweka katikati ya kazi yake. Wote wamewahesabu wengi. Hakuna aliyewauliza wachache.

Watu wa Afrika Mashariki, na wa Afrika kwa jumla, wanayo sanaa ya kale yenye elimu juu ya fundo hilo, ambayo ni hadithi ya mtanziko. Vijana watatu wampenda msichana mmoja: wa kwanza ana kioo kinachoonyesha yaliyo mbali, wa pili ana mkeka unaoruka, wa tatu ana dawa ya kufufua. Msichana afa, kioo chaonyesha, mkeka wawafikisha, dawa yamwinua. Ni mke wa nani? Msimulizi hunyamaza hapo. Hadithi haina matawi. Haikubadilika neno kwa sababu ya msikilizaji. Lakini kila aliyepo hulazimika kutoa hukumu na kuitetea mbele ya jirani yake, na wachache wana nafasi sawa na wengi, maana hawahesabiwi, husikilizwa. Sinema shirikishi imeshughulika na uchaguzi wa kabla ya tendo, ikausahau ubishi wa baada yake. Haihitaji teknolojia kubwa: ukumbi uliopiga kura ungeweza kuwashiwa taa, na kumi waliotaka jirani wa Novák asifunguliwe wakaulizwa kwa nini, kabla filamu haijaendelea. Mshereheshaji wa 1967 alikuwa tayari jukwaani.

Mwisho ni shida ya mhakiki mwenyewe, nayo si ndogo. Wanafunzi wawili wanaobishana juu ya Bandersnatch yamkini hawakuona kazi moja. Huyu alimwona Stefan akifa garimoshini, yule hakupata kujua kwamba kuna garimoshi. Atakayeandika juu ya kazi za namna hii apaswa kutaja njia aliyoipita, jibu kwa jibu, kama vile mhariri wa utenzi wa kale atajavyo hati aliyoitumia, la sivyo hukumu yake haina pa kushikwa. Na hati zenyewe zapotea. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 watawala wa Chekoslovakia waliiondoa Kinoautomat, na watu wa Prague hawakuiona tena ukumbini hadi ilipofufuliwa mwaka 2007. Bandersnatch haikuondolewa na serikali yoyote. Mwezi Mei 2025 Netflix iliitoa katika huduma yake pamoja na filamu ya mwisho ya namna hiyo iliyokuwa imebaki, kwa sababu za biashara na mitambo. Filamu ya kawaida ikiondolewa huweza kubaki katika diski au katika kanda ya mtu. Hii hubaki vipande vilivyokatika, na yule aliyenakili njia moja amenakili njia moja tu. Kile kilichokuwa kikimwuliza na kumngoja kwa sekunde kumi hakimo.